Nabii Ameniambia Niache Ualimu, Mume Wangu Anakataa: Nitajuaje Kama Ni Mungu?

Shikamoo, Mchungaji. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali mkoani Njombe, nina umri wa miaka 34, nimeolewa na fundi seremala, na Mungu ametujalia watoto wawili, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa miaka minne. Nimezaliwa na kulelewa katika KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), nikapata Kipaimara katika usharika huu huu ninaosali sasa, na hadi leo ninaimba kwaya. Ninakuandikia kwa sababu ni miezi mitatu sasa sijalala usingizi wa amani, na jambo lenyewe nimeona haya kulipeleka kwa mchungaji wangu, nikihofu kwamba atasema nimeanza kutangatanga.

Tangu nikiwa kidato cha pili nimekuwa na hamu ya kumtumikia Mungu kwa kulifundisha Neno lake. Kuna miaka hamu hiyo hulala, kisha huamka tena. Mwezi Juni ulifanyika mkutano wa injili mjini kwetu, na mhubiri alikuwa mgeni kutoka Dar es Salaam ambaye watu humwita nabii. Usiku wa tatu aliniita mbele, hanijui wala simjui, akasema: "Umeshika chaki miaka mingi, lakini Mungu anataka ushike Neno. Kabla mwaka huu haujaisha acha kazi hiyo, uje Dar es Salaam kwenye huduma. Ukichelewa mlango utafungwa, na watakaoumia ni watoto wako." Nililia mbele ya watu wote, kwa sababu alikuwa amegusa jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa mume wangu.

Nilipomweleza mume wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza mambo matatu: nani atalipa mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara wangu, ambao tulichukua ili kuezeka nyumba na ambao umebakiza miaka miwili, watoto watakaa na nani, na kwa nini Mungu aseme na mke asiseme neno na mume. Hakunifokea, ila alisema kwamba yeye hahami. Mwaka jana tulipanda miche 40 ya parachichi, na moyo wake uko kwenye shamba hilo.

Nikaamua kumtafuta Mungu mwenyewe. Nilifunga siku 21. Nilifumba macho nikafungua Biblia, na kidole changu kikaangukia Mwanzo 12, pale Abramu anapoambiwa atoke katika nchi yake na jamaa zake. Kisha nikafanya kama Gideoni: nilimwomba Mungu kwamba ikiwa neno lile limetoka kwake, Jumamosi iliyofuata inyeshe kabla ya saa nne asubuhi, na ilikuwa Julai, wakati wa kiangazi. Saa tatu yakaanguka manyunyu, nami nikatetemeka. Wiki iliyofuata mtoto wangu mdogo akaugua nimonia, akalazwa siku nne, na kila nilipomtazama kitandani niliyasikia maneno ya yule nabii.

Mtoto amepona. Sasa wahudumu wa nabii wananipigia simu kila wiki wakitaka jibu, na wamenitaka nitume shilingi 300,000 ziwe sadaka ya kuufungua mlango. Sijazituma, lakini nimeshazitenga. Sitaki kumkosea Mungu, wala sitaki kuivunja nyumba yangu. Mchungaji, nitajuaje njia ambayo Mungu anataka niipite?

Mwalimu, Njombe

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe milele.

Nitaanza na mtoto wako, ingawa wewe umemweka karibu na mwisho wa barua, kwa sababu naamini hofu juu yake ndiyo inayokunyima usingizi kuliko swali la kazi. Mtoto wako hakuugua kwa kuwa umechelewa kumjibu nabii. Mwezi wa Julai katika baridi ya Njombe watoto wadogo huugua kifua, wa waliochelewa kutii na wa waliotii mapema, na wewe ulifanya alichopaswa kufanya mzazi, ukampeleka hospitali. Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza kama aliyetenda dhambi ni yeye au wazazi wake, na Bwana akakataa kuyajibu maumivu ya mtu kwa kumtafutia mkosaji. Neno linalokuja kwako likimtumia mtoto wa miaka minne kuwa rehani, hata kama limetamkwa kwa jina la Yesu, lina sauti isiyofanana na yake. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba hatukupokea tena "roho ya utumwa iletayo hofu", tulipokea roho inayotufanya tumwite Mungu Aba, na ninakusihi uisome sura hiyo ya nane yote usiku wa leo kabla hujaendelea na shauri jingine lolote.

Ile habari ya mlango kufungwa nayo hainipi amani. Kumbuka kisa cha Samweli. Mungu alimwita mtoto yule, naye kwa kutoijua sauti akakimbilia kwa Eli mara tatu, na mara ya nne ndipo alipojibu akiwa amefundishwa na mzee yule namna ya kujibu. Mungu hakuchoka wala hakumwadhibu kwa kukosea mlango; aliita tena. Hata Yona, ambaye yeye alielewa vizuri na akakimbia kwa makusudi, Biblia inasema neno la Bwana lilimjia mara ya pili. Ikiwa Mungu alimrudia mkimbizi, hawezi kukutupa wewe unayefunga na kulia ukitaka kumtii. Unaweza kuchukua muda wa kutosha kulipima jambo hili, na muda huo si uasi.

Sasa manyunyu. Nimewahi kuhudumu katika Nyanda za Juu Kusini, na wewe uliyezaliwa huko unajua kuliko mimi kwamba asubuhi za Juni na Julai ukungu na manyunyu si wageni, ingawa msimu wa mvua umekwisha. Sisemi Mungu hakuyaleta, maana kila tone ni lake. Ninasema tu kwamba jambo ambalo lingeweza kutokea Jumamosi yoyote haliwezi kubeba uzito wa kuacha kazi na kuigawa familia. Na ukimsoma Gideoni kwa makini katika Waamuzi 6 utaona kwamba alipotandika ile ngozi ya kondoo, akiomba ishara ya umande, alikuwa ameshaambiwa wazi na Mungu la kufanya. Ndiyo maana katika ombi lake anasema "kama ulivyosema". Alikuwa anatafuta kutiwa nguvu katika neno alilokuwa nalo tayari, na hata hivyo aliomba asikasirikiwe kwa kuuliza tena. Wewe umeitandika ngozi ili kupata neno ambalo huna, na hapo ndipo ishara humchanganya mtu badala ya kumsaidia.

Kuhusu kufungua Biblia ukiwa umefumba macho sina maneno mengi. Neno la Mungu tumepewa tulisome kwa macho yaliyofunguka. Hata hivyo, kwa kuwa kidole chako kiliangukia Mwanzo 12, endelea hadi mstari wa tano uone kwamba Abramu alimchukua Sarai mkewe na nyumba yake yote wakatoka pamoja.

Nije kwa nabii mwenyewe, kwa maana hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Mimi sikuwepo siku ile, simjui mtu huyo, na sitamhukumu kwa barua. Wala siamini kwamba Roho Mtakatifu ameacha kusema na watu wake. Paulo aliwaonya Wathesalonike wasitweze unabii. Lakini katika pumzi hiyo hiyo aliongeza: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Kuujaribu unabii ni amri, na anayeitii hamdharau Mungu hata kidogo. Unasema alikugusa kwa sababu alisema jambo ambalo hakuna aliyelijua. Kumbukumbu la Torati sura ya 13 inatuonya kwamba hata ishara ya nabii ikitimia kama alivyosema, bado haitoshi kuwa sababu ya kumfuata. Lazima tuangalie anatupeleka wapi. Kulijua la moyoni mwako ni jambo moja, na kuwa na mamlaka ya kukuamuru uache kazi, mume na mji ni jambo jingine kabisa, na la pili halitokani na la kwanza.

Kuna kisa katika 1 Wafalme 13 ambacho wahubiri wengi hukipita haraka, nami nadhani kimeandikwa kwa ajili ya watu walio katika hali kama yako. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alitumwa Betheli, naye alikuwa ameagizwa asile mkate wala kunywa maji mahali pale. Nabii mzee wa mji huo akamfuata, akamwambia kwamba yeye pia ni nabii, na kwamba malaika amesema naye amrudishe nyumbani kwake akale. Biblia yenyewe inasema wazi kwamba alimdanganya. Yule mtu akarudi, akala, na simba akamuua njiani. Kinachoniumiza kila ninapokisoma ni kwamba mtu yule hakuwa mkaidi. Alikuwa mnyenyekevu kwa mtu aliyedai kusikia, na kwa unyenyekevu huo akaliacha jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisikia wazi.

Kwa hiyo nikuulize: yapi ambayo wewe umeyasikia wazi? Uliweka ahadi mbele ya madhabahu kwa mume wako. Umewazaa watoto wawili ambao Mungu amewaweka mikononi mwako. Umekopa fedha, ukatia saini, na Warumi 13 inatutaka tusiwiwe na mtu kitu chochote isipokuwa kupendana. Hayo hayahitaji ishara. Mahali ambapo Biblia inatumia maneno "mapenzi ya Mungu" bila fumbo lolote, mara nyingi inazungumzia maisha ya namna hii ya kila siku: kutakaswa, kushukuru, kutenda mema. Sisi tunayatafuta mapenzi ya Mungu kama kitu kilichofichwa gizani, na huku sehemu yake kubwa tumeshapewa, nasi tunaipita tukikimbilia ile ndogo ambayo hatujaambiwa. Lililo wazi lisivunjwe na lisilo wazi. Kama Mungu anakuita kweli kwenye huduma, atakuita kwa njia isiyokulazimisha kukimbia deni na kuwaacha watoto.

Yeremia aliishi na swali hili hili. Nabii Hanania alisimama hekaluni na kutangaza kwa jina la Bwana kwamba katika muda wa miaka miwili vyombo na mateka vitarudi kutoka Babeli, na kila mtu alitamani awe amesema kweli. Yeremia naye aliwaandikia mateka kwamba itakuwa miaka 70. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, waombee amani ya mji walioko. Ule mstari tunaoupenda sana, Yeremia 29:11, unaosema kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani, umo ndani ya barua hiyo hiyo. Waliahidiwa tumaini wakiwa wameambiwa wapande na wasubiri. Sijui ni miaka mingapi hadi miparachichi yenu ianze kuzaa vizuri, lakini mume wako anayeitunza hana imani ndogo kuliko anayetaka kupanda basi kesho.

Pamoja na hayo yote, mwanangu, nisingependa ubaki na wazo kwamba hamu yako ni udanganyifu. Hamu ya kulifundisha Neno iliyodumu tangu kidato cha pili, ikapita katika ndoa, uzazi na kazi bila kufa, ni jambo la kuheshimiwa sana, na huenda nabii yule alipogusa kidonda hicho aligusa kitu cha kweli. Nadhani kosa liko katika njia aliyokuonyesha. Katika kanisa letu tumerithi mafundisho kwamba wito una pande mbili: ule unaousikia moyoni, na ule ambao kanisa linakuitia baada ya kukujua na kukupima. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, katika kifungu cha 14, linasema kwamba mtu asifundishe hadharani kanisani bila kuitwa ipasavyo. Wengine huliona hilo kama kufuli. Mimi kwa miaka yangu ya uchungaji nimeliona kama ulinzi kwa yule anayeitwa, maana siku ya majaribu, na siku hiyo huja, hataulizwa peke yake kama kweli alisikia. Kanisa lililomtuma litasimama naye.

Tazama jinsi ilivyokuwa Antiokia katika Matendo 13. Roho alisema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia." Neno lilikuja katika kundi la watu wanaofahamiana, wakiwa katika ibada na kufunga pamoja, na lilihusu watu ambao walikuwa tayari wakifundisha hapo hapo. Walioitwa hawakuwa wageni kwa waliolisikia. Na huko Troa, katika sura ya 16, aliyeona maono ya mtu wa Makedonia ni Paulo peke yake, lakini Luka anapoeleza jinsi walivyofikia hakika kwamba Mungu anawaita, anaandika kwa wingi, akiwahesabu wote. Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioanzia Gahini huko Rwanda na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, waliishika desturi hiyo kwa nguvu: mtu akiwa na mpango mkubwa, kama ndoa au safari, aliuleta mbele ya wenzake katika ushirika ili utazamwe nuruni. Walikosea mara nyingine, kwa kuwa ushirika nao unaweza kumkandamiza mtu, lakini walijua kwamba moyo mmoja usiku wa manane ni shahidi dhaifu.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, nikukumbushe Askofu Festo Kivengere. Huyu mtu wa Kigezi, Uganda, alipokuja Dodoma miaka ya 1940 alikuja kama mwalimu wa shule. Alikaa miaka mingi katika ualimu, akihubiri alipopata nafasi, na hakuwekewa mikono ya uchungaji hadi miaka ya 1960. Chaki na Neno vilikaa katika mkono mmoja, na hakuna anayeweza kusema kwamba miaka ile ya darasani ilipotea.

Hebu fikiria lililo karibu yako. Usharika wako una darasa la Kipaimara na shule ya Jumapili, na sijawahi kuona usharika ambao mchungaji na mwinjilisti wake hawalii kwa upungufu wa walimu wa darasa hilo. Shuleni kwako kuna kipindi cha dini ambacho mara nyingi hukosa mtu wa kukishika. Omba kufundisha hapo mwaka mzima. Utakapokuwa umeifundisha Katekisimo Ndogo ya Luther kwa vijana 20 wasiotaka kukaa kimya, utajua kuhusu wito wako mambo ambayo hakuna mkesha unaoweza kukuonyesha: kama hamu inaongezeka au inakauka, kama watu wanajengwa, kama wazee wa kanisa wanakuona na kuanza kusema bila wewe kuwaomba. Huko nako Mungu huongoza. Na ikiwa baada ya mkopo kwisha usharika na dayosisi wataona unafaa kusoma theolojia, katika chuo cha Makumira au kwingine, utaondoka ukiwa umetumwa, na mume wako atakuwa ameyaona yote kwa macho yake.

Juu ya mume wako nina jambo la kukuambia kwa upole. Maswali yake matatu ni maswali mazuri. Nimekutana na wanaume wengi wanaotumia cheo cha mume kuzima kila karama ya mke, na angekuwa mmoja wao ningekujibu vingine. Lakini huyu alikaa kimya, akafikiri, akauliza, hakufoka. Inawezekana kabisa kwamba Mungu uliyemwomba siku 21 aseme nawe alikuwa ameshasema kupitia fundi huyu aliyekaa mezani pako. Usimweke upande wa wapinzani wa Mungu. Mwambie habari ya hofu uliyokuwa nayo hospitalini, kwa maana sioni mahali katika barua yako palipoonyesha kwamba ulimweleza hilo, kisha ombeni pamoja, hata kama sala yake ni fupi.

Mchungaji wako usimwonee haya. Mtu anayekwenda kwa mchungaji wake kusema, "Nimeambiwa neno na sijui kama ni la Mungu," hajatangatanga. Amerudi nyumbani mapema. Mpelekee barua yote kama ulivyoniandikia mimi, pamoja na manyunyu na kidole. Kama yeye atakosea na kukukaripia, nenda kwa mkuu wa jimbo au kwa mama mzee wa kanisa unayemwamini, lakini usiubebe mzigo huu peke yako tena.

Zile shilingi 300,000 usizitume. Mlango ambao Mungu anaufungua haufunguliwi kwa malipo. Petro alimkemea vikali Simoni wa Samaria aliyedhani karama ya Mungu hupatikana kwa fedha. Ulizitenga kutoka katika pato la nyumba yenu, kwa hiyo zirudishe mezani, mzungumze na mume wako zifanye nini. Wahudumu wakipiga simu tena, wajibu kwa heshima na kwa ufupi: "Nimelipeleka jambo hili kwa mume wangu na kwa mchungaji wangu, nasi tunaliomba pamoja. Sitatuma fedha, na naomba msinipigie tena." Usibishane, usijieleze zaidi ya hapo. Kama neno lile lilikuwa la Mungu, halitadhurika kwa kupimwa na watu wake, na kama wahudumu watakujibu kwa vitisho, waambie hata vitisho hivyo mchungaji wako atavisikia.

Mazoezi yenu ya kwaya yatakapokwisha wiki hii, usiondoke na wenzako. Mngoje mchungaji pale ofisini.